Singapore: jua lipo, paa ndilo halitoshi

Chukua jengo la ghorofa 16, kila ghorofa ina fleti 10, na paa lake lina mita za mraba 1,000. Ukitoa matangi ya maji, chumba cha mota za lifti, njia za mafundi na sehemu zinazopigwa kivuli na jengo la jirani, unabakiwa na kama nusu tu ya kutandaza paneli za sola. Mita hizo 500 zinabeba paneli za kilowati 100 hivi. Kwa jua la Singapore, kilowati moja ya paneli hutoa takriban uniti 1,200 kwa mwaka (uniti moja ni kilowati moja ikitumika kwa saa moja), kwa hiyo paa zima litatoa uniti 120,000.

Sasa tazama matumizi. Fleti ya kawaida huko hula kama uniti 4,500 kwa mwaka. Fleti 160 ni uniti 720,000. Yaani paa limetosheleza sehemu moja kati ya sita.

Ongeza ghorofa zifike 40, paa likiwa lilelile, na hiyo sehemu inashuka hadi moja kati ya kumi na tano. Lakini familia inayokaa peke yake kwenye nyumba ya chini yenye paa la mita 100, kwa vipimo hivyohivyo, itavuna uniti 12,000 na kubakiwa na zaidi ya nusu ya umeme wake. Jengo hilo ni la mfano, nimelipanga mwenyewe ili hesabu iwe nyepesi, ila vipimo vyake vinafanana na majengo mengi ya kisiwa hicho. Nimeitanguliza hesabu kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu nishati jadidifu mijini huanza na sifa za jua, na jua halijawahi kuwa tatizo la mji uliobanana. Mji wa namna hiyo una watu wengi chini ya kila mita ya paa, basi.

Singapore ni kisa kizuri cha kuchambua kwa sababu haina mahali pa kukimbilia. Nchi nyingine mji mkuu ukiishiwa nafasi, serikali huenda kutandaza paneli jangwani au kujenga bwawa milimani. Hapa mji ndiyo nchi: kilomita za mraba zisizofika 750, watu kama milioni 6, yaani karibu 8,000 kwa kila kilomita ya mraba. Hakuna mto wa maporomoko. Upepo ni dhaifu, wastani wake ni mita 2 hivi kwa sekunde, wakati mitambo mikubwa ya upepo inahitaji zaidi ya mara mbili ya kasi hiyo ili ifanye kazi ya maana. Matokeo yake, karibu asilimia 95 ya umeme hutokana na gesi asilia, inayokuja kwa bomba kutoka Malaysia na Indonesia na, tangu 2013, kwa meli pia ikiwa imepozwa sana hadi kuwa kimiminika.

Juu ya hali hiyo, serikali imeahidi kwamba ifikapo 2050 nchi isiwe inaongeza gesijoto angani, na ikajiwekea shabaha ya kuwa na gigawati 2, yaani kilowati milioni 2, za paneli za sola kufikia 2030. Zizidishe kwa uniti zetu 1,200 kwa kila kilowati: ni uniti bilioni 2.4 kwa mwaka. Nchi inatumia zaidi ya uniti bilioni 50. Makadirio ya serikali yenyewe, kwa kuwa matumizi nayo yanapanda, ni kwamba sola hiyo yote itabeba kama asilimia 3 ya mahitaji ya 2030. Sijui nchi nyingine iliyotangaza lengo la sola na papo hapo ikakiri kwamba ni dogo kiasi hicho. Kukiri huko ndiko kulikoifanya ipange mambo mengine yote yanayofuata.

Paa ni la nani?

Wengi hudhani kikwazo cha sola kwenye majengo ya fleti ni bei ya paneli. Kikwazo kinachotangulia ni umiliki. Familia ya ghorofa ya tisa haina paa. Paa ni la wote, na cha wote kwa kawaida hakina mtu wa kukisaini. Nani atalipia paneli? Mwenye fleti anayehama mwaka ujao achange kwa faida ya nani? Nusu ya wakazi wakikataa, je?

Singapore ilikuwa na bahati iliyojitengenezea miaka mingi nyuma. Shirika lake la nyumba, HDB, lilianzishwa mwaka 1960, na leo karibu wakazi 8 kati ya 10 wanaishi kwenye majengo yake. Maelfu ya mapaa yako chini ya mkono mmoja. Mwaka 2014 ukaanza mpango wa SolarNova: HDB inakusanya mapaa ya majengo mengi pamoja na ya taasisi za serikali, inayatangazia zabuni kwa mkupuo, na kampuni inayoshinda inagharamia paneli, inazifunga, inazitunza na kubaki nazo kama mali yake. Mabaraza yanayosimamia mitaa hayanunui paneli. Yananunua umeme unaotoka juu, kwa bei waliyokubaliana.

Na umeme huo hauingii kwenye fleti ya mtu. Unaendesha lifti, taa za korido na ngazi, na pampu zinazopandisha maji kwenye matangi ya juu. Mchana jua likiwa limechacha na lifti hazina kazi kubwa, ziada inaingia gridi ya taifa. Usiku lifti zinarudi kula umeme wa gesi kama kawaida. Mkazi haoni uniti zikipungua kwenye bili ya fleti yake. Unafuu, ukiwapo, unaonekana kwenye gharama za kuendesha jengo.

Kwa maoni yangu hili ndilo jambo la maana kuliko yote kwenye kisa hiki, na ndilo lisilopigwa picha. Jengo lilelile la fleti 160 halihitaji tena kujitosheleza. Linakodisha paa lake, linahudumia lifti zake, kisha linakuwa sehemu ndogo ya mtambo mkubwa uliotawanyika juu ya mji. Mji ambao fleti zake zina wamiliki binafsi mia na kidogo kwa kila jengo, bila chombo chenye mamlaka juu ya paa, unaweza kununua paneli za bei poa kuliko zote duniani na bado ukashindwa kuzifunga.

Hata kwa mwenye mapaa mengi, kila mita ina wagombea. Majengo ya Pinnacle@Duxton, yaliyokamilika 2009, yapo saba, yana ghorofa 50 na fleti 1,848, na juu kabisa yameunganishwa kwa madaraja yaliyogeuzwa bustani ya kupungia upepo. Wakazi wasio na ua wala baraza wanahitaji pia mahali pa kutembea jioni. Ukizitandaza paneli, umewanyang'anya. Wapo wanaopendekeza kuta badala ya paa, kwa kuwa jengo refu lina ukuta mwingi. Karibu na ikweta pendekezo hilo lina udhaifu wake: mchana jua liko utosini, linapiga paa wima na kuuparaza ukuta tu. Ukuta unavuna asubuhi na jioni, na mavuno yake ni haba.

Paneli zinakwenda majini

Paa likiisha, unaangalia ni sehemu gani nyingine iliyo wazi na isiyokaliwa na watu. Singapore jibu lilikuwa mabwawa ya maji ya kunywa. Baada ya kujaribu kwa mtambo mdogo wa megawati 1 (kilowati 1,000) kuanzia 2016, bwawa la Tengeh, magharibi mwa kisiwa, lilizinduliwa rasmi likiwa na mtambo unaoelea mnamo 14 Julai 2021: paneli 122,000, zilizopangwa kwa makundi 10 juu ya eneo la hekta 45 hivi, zenye uwezo wa megawati 60.

Ukiangalia namna ulivyofungwa, unaona jinsi paneli juu ya maji ya kunywa zilivyo kazi tofauti na paneli juu ya bati. Maboya ni ya plastiki ngumu ya daraja linaloruhusiwa kwa vyombo vya chakula, ili lisichujuke kitu kwenye maji. Paneli zina kioo pande zote mbili, kwa sababu unyevunyevu wa chini unaharibu paneli za kawaida mapema, na mtambo umekusudiwa kudumu miaka 25. Kati ya kundi na kundi wameacha nafasi ili mwanga na hewa vifike majini, na wakaongeza vifaa vya kupuliza hewa, maana bwawa lililofunikwa likikosa oksijeni, samaki na mimea hufa na maji huanza kunuka. Ubaridi wa maji nao una faida yake: paneli ikipata joto hupungukiwa nguvu, na zile za majini zinazalisha asilimia 5 hadi 15 zaidi ya zile za juu ya mapaa.

Umeme wa Tengeh unatumiwa na wenye bwawa, yaani mamlaka ya maji, PUB. Watu husahau kwamba maji ya mji kama huu ni umeme uliobadilishwa umbo. Kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari kunakula uniti 3 na nusu hivi kwa kila mita ya ujazo, na Singapore inafanya hivyo tangu 2005. Ina pia maji taka yanayosafishwa mpaka kunyweka, tangu 2003. Mtambo mzima wa Tengeh, pamoja na ukubwa wake, unafidia takriban asilimia 7 ya umeme ambao mamlaka hiyo inautumia kwa mwaka.

Hekta 45 kwa asilimia 7 ya taasisi moja. Anayetaka kuona uzito wa tatizo aanzie hapo.

Wingu linapopita

Nyuzi moja na kitu kaskazini mwa ikweta, jua linakuwepo mwaka mzima, ila mawingu nayo yanakuwepo mwaka mzima. Kisiwa ni kidogo. Wingu moja zito la mvua ya mchana linaweza kuufunika upande mzima, na paneli zote za upande huo zikashuka kwa pamoja ndani ya dakika chache. Nchi pana ina kinga ya asili: kukiwa na wingu huku, kule kuna jua. Hapa kinga hiyo ni ndogo.

Ndiyo maana kisiwa cha Jurong, penye viwanda vya petroli na kemikali, kikapata ghala la betri lililoanza kazi Desemba 2022. Lina nguvu ya megawati 200 na akiba ya uniti 285,000. Gawanya: likitoa nguvu yote linadumu saa moja na dakika 25. Ni rahisi kulidhania ghala la kuhifadhi jua kwa ajili ya usiku. Usiku wa mji ambao mahitaji yake ya juu hukaribia megawati 8,000 hauwezi kubebwa na kitu cha saa moja na nusu. Kazi yake ni kushikilia gridi pale wingu linapopita au mtambo wa gesi unapozimika ghafla, mpaka mitambo mingine ichochee moto. Kwa kazi hiyo linatosha. Kazi ya usiku bado ni ya gesi.

Ubaridi

Kwenye fleti nyingi kiyoyozi ndicho kinachokula kuliko vyote, karibu robo ya umeme wa nyumba. Feni inatumia umeme usiofika hata sehemu ya kumi ya huo. Serikali inahimiza watu waweke kiyoyozi nyuzi 25 na wawashe feni, lakini ni ushauri tu.

Mji uliobanana una njia nyingine ambayo kijiji hakiwezi kuitumia. Eneo la Marina Bay, tangu 2006, maofisi na hoteli hazina haja ya kila moja kufunga mashine zake za ubaridi. Kuna mitambo mikubwa chini ya ardhi inayopoza maji, na maji hayo ya baridi yanasambazwa kwa mabomba kwenda jengo hadi jengo. Mashine kubwa chache, zikiendeshwa katika kiwango chake bora muda wote, hula umeme kidogo kuliko mamia ya mashine ndogo zinazowaka na kuzima. Wanaoiendesha wanasema inaokoa kama asilimia 40. Mabomba hayo yana faida kwa sababu tu majengo yamesongamana. Ukiyatawanya, ubaridi unapotelea njiani.

Walipojaribu kuupeleka mfumo huo kwenye fleti za watu, katika mji mpya wa Tengah (usiuchanganye na bwawa la Tengeh), mambo hayakuwa laini. Familia zilizohamia mwaka 2023 zilianza kulalamika kuhusu maji kudondoka na mabomba kutoa jasho ndani ya nyumba mpya. Kitaalamu kosa la namna hiyo linaeleweka: maji ya baridi yakipita kwenye bomba lisilovikwa vizuri, kwenye hewa yenye unyevu wa ikweta, lazima jasho litoke. Lakini mwenye nyumba aliyeona dari yake mpya ikilowa hataki somo la fizikia. Kwenye hoteli kuna fundi wa zamu saa zote. Kwenye fleti kuna mama mwenye ndoo na namba ya simu ya huduma kwa wateja. Mfumo wenyewe haujashindwa, ila unadai umakini wa ufungaji mara elfu kadhaa zaidi, kwa kuwa maungio yapo kila nyumba.

Kuhusu usafiri nitapita haraka, kwa kuwa hapo msongamano umekuwa neema tangu zamani. Singapore ilianza kuyatoza magari yanayoingia katikati ya mji mwaka 1975, kabla ya mji mwingine wowote duniani, na tangu 1990 anayetaka gari hushindania kibali kwa mnada. Watu wamejaa treni na mabasi. Umeme na mafuta yaliyookolewa hapo huenda ni mengi kuliko sola yote ya mapaa, ijapokuwa hayapigiwi hesabu kwenye shabaha ya sola.

Umeme wa majirani

Sehemu iliyobaki ya pengo inabidi itoke nje ya mipaka. Juni 2022 Singapore ilianza kupokea umeme wa maji kutoka Laos, hadi megawati 100, ukipitia gridi za Thailand na Malaysia. Baadaye mpango ukawa mkubwa zaidi: awali gigawati 4 za umeme safi wa kuagiza kufikia 2035, na mwaka 2024 shabaha ikapandishwa hadi gigawati 6. Yapo mapendekezo ya sola kutoka Indonesia kwa kebo za baharini, na lile la kuvuta umeme kutoka kaskazini mwa Australia kwa kebo ya zaidi ya kilomita 4,000.

Waswahili husema mtegemea cha nduguye hufa maskini, na Oktoba 2021 Malaysia ilitoa mfano wake kwa kupiga marufuku kuuza nje umeme jadidifu. Marufuku ikaondolewa Mei 2023. Haikuwa uadui. Malaysia nayo ina shabaha zake za hewa ukaa, na haioni sababu ya kumpa mwingine uniti safi huku ikibaki na za makaa ya mawe. Kisha kuna swali la usafi wenyewe. Umeme wa Laos unatoka kwenye nchi iliyoziba mito mingi ya bonde la Mekong, na wavuvi wa chini ya mto wanalipia kwa samaki. Kwenye vitabu vya Singapore ule umeme una kaboni ndogo. Mto hauandikwi.

Ninakubali kwamba hakuna njia nyingine. Mji wa watu 8,000 kwa kilomita lazima ule chakula cha shamba la mbali, na umeme wake utafuata mkondo huohuo. Ninachopinga ni kuita jambo hilo kujitegemea.

Nani hasa anakula umeme?

Majumbani Singapore wanatumia kama asilimia 15 tu ya umeme wa nchi. Kwa hiyo hata kama kila familia ingezima viyoyozi kesho, asilimia 85 ingebaki vilevile kwenye viwanda, maofisi, treni na seva, yaani kompyuta za vituo vya data. Kampeni za kumwambia mkazi achomoe chaja zina kazi yake, lakini zinaongea na mtu asiye na mzigo mkubwa. Kwa wenye mzigo, chombo kilichotumika ni ushuru wa kaboni: dola 5 za Singapore kwa kila tani ya gesijoto kuanzia 2019, dola 25 kuanzia 2024, dola 45 kuanzia 2026, na kati ya 50 na 80 kufikia 2030. Kwa dola 5 hakuna kiwanda kilichoshtuka. Dola 45 zinaanza kuingia kwenye vikao vya bajeti.

Vituo vya data peke yake vilikuwa vikila karibu asilimia 7 ya umeme wa nchi kufikia 2020, zaidi ya mara mbili ya mgao ambao sola yote imekadiriwa kuubeba mwaka 2030. Serikali iliwahi kusimamisha vituo vipya kuanzia 2019 hadi 2022. Mei 2024 ikatangaza kwamba itaruhusu nyongeza ya angalau megawati 300, kwa masharti ya kutumia umeme kwa ufanisi na wa chanzo safi. Seva hazilali: megawati 300 zikifanya kazi usiku na mchana mwaka mzima ni uniti bilioni 2.6. Mapaa yote, mabwawa yote na kila sehemu iliyopangiwa paneli hadi gigawati 2 zitimie, vitatoa bilioni 2.4.

Kwa hiyo masharti ya leseni hizo yana uzito kuliko idadi ya paneli. Yakisimamiwa barabara, wenye seva watalazimika kuutafuta umeme safi nje na kuugharamia, na huenda ndio watakaolipia kebo za baharini ambazo fleti haziwezi kuzilipia. Yakilegezwa, kila kilowati inayofungwa juu ya lifti za HDB itakuwa imeshapata mteja mwingine kabla haijawashwa.